KUNDE HAZITAKI SAMADI MBICHI

Huku Miono mwenye mbuzi wawili na kuku wachache ana mbolea mlangoni pake, wala hahitaji kutoa senti. Lakini wako wanaoiacha hata mvua ikaichukua, na wako wanaoitoa zizini ikingali mbichi wakaitia shimoni pamoja na mbegu. Wote wapata hasara, na hasara ya kunde ni upungufu wa kitoweo cha watoto.

Maharagwe hustawi zaidi nchi za baridi kama Lushoto. Sisi wa joto twategemea kunde, mbaazi na choroko. Yote ni jamaa moja. Mizizi yake ina vinundu, na ndani yake mna vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mche ukianza kutoa maua, ng'oa mmoja, upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au kijani, haifanyiki.

Basi ukiujaza mmea samadi mbichi, naitrojeni huzidi, vijidudu hulegea, nawe utavuna majani mengi na maganda machache. Tena ile ya kuku ni kali, huunguza mbegu. Na ya mbuzi na ng'ombe hubeba mbegu za magugu.

Kwa vuli ya Oktoba, anza kulundika mwezi wa Julai. Weka lundo kivulini, changanya na majani makavu, nyunyizia maji, funika kwa makuti. Geuza kila baada ya majuma mawili au matatu. Chomeka fimbo katikati: ukiitoa ina moto, ngoja kwanza. Samadi iliyoiva imepoa, ni nyeusi, yavunjika kama udongo, wala hainuki.

Siku ya kupanda, tia konzi moja kila shimo, changanya na udongo, ndipo utie mbegu. Kiasi hicho kitaipa kunde fosforasi, na penye mchanga kitasaidia kushika maji. Samadi iliyobaki ipeleke kwenye mahindi, maana hayo hayana vinundu vya kuyalisha.

Ukiisha kuvuna, using'oe mashina. Yakate, mizizi ioze ardhini, na msimu ujao panda mahindi pale pale. Majani wape mbuzi, nao watakulipa kwa samadi nyingine.