Mwamba wa Meru uliosafiri

Muulize mkazi wa Arusha mawe ya mji huu yametoka wapi, atakuonyesha Mlima Meru. Hajakosea, ila hajamaliza. Lava iliyogandia pale ilipomwagika ni mwamba wa moto. Ikimomonyoka, vipande vyake vikabebwa na maji, vikatua bondeni, vikagandamizwa na kuunganishwa na madini kama chokaa, hapo tuna mwamba tabaka.

Tazama ukuta wa korongo upande wa King'ori. Mawe makubwa yamekwama ndani ya tope laini, mengine yana pembe kali, hakuna mpangilio. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, ukamwaga mawe na tope kuelekea Kilimanjaro. Maziwa ya Momella yamekaa kwenye mashimo yaliyobaki kati ya vilima vya kifusi hicho. Tope zito namna hiyo halichambui mzigo wake. Mto huchambua: kasi ikipungua huacha kwanza kokoto, kisha mchanga, mwisho udongo wa mfinyanzi, na njiani pembe za mawe hulika. Ndiyo maana miamba ya vipande huainishwa kwa ukubwa wa chembe. Zaidi ya milimita 2 ni kokoto. Mchanga huishia kwenye 0.06 hivi.

Majivu ya volkano ndiyo yanayotusumbua. Yamezaliwa na moto, yakatandazwa na upepo tabaka juu ya tabaka. Mimi nayaweka katikati ya mwamba wa moto na mwamba tabaka, tena bila aibu. Nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978 zimehifadhiwa ndani ya majivu ya namna hiyo.

Aina nyingine za mwamba tabaka hazihitaji kubebwa. Ziwa Natron likikauka huacha magadi: huo ni mwamba wa kikemikali. Minjingu, kando ya barabara ya Babati, mifupa ya samaki na ndege na vinyesi vyao vilirundikana kwenye ziwa la kale. Leo vinachimbwa kwa ajili ya mbolea.

Mchimba kisima anapaswa kuyajua haya. Maji yakipita kwenye majivu na vifusi vya Meru huyeyusha floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya hapa huvuka kiwango hicho. Visima viwili vya majirani vinaweza kutofautiana sana, kwa kuwa kimoja kimeishia kwenye kifusi na kingine kwenye mchanga wa mto.