Tundu la Mtambo, Tundu la Msumari

Chukua sarafu mbili za Afrika Mashariki ya enzi ya mkoloni: senti kumi ya shaba na shilingi ya simba. Senti kumi ina tundu katikati. Shilingi nayo, kama iliwahi kuning'inia shingoni mwa mtu, ina tundu karibu na ukingo. Tundu ni tundu, atasema mpita njia. Lakini lile la kwanza lilikuwepo kabla sarafu haijawa sarafu: kisahani kilitobolewa, ndipo kikagongwa chapa, na mchoro ukapangwa kulizunguka. La pili limepita juu ya herufi, likaila nusu, na upande wa nyuma likaacha makovu ya msumari.

Tofauti hiyo, kati ya kilichotokea kiwandani na kilichotokea duniani, ndiyo inayowaumiza kichwa wakusanyaji wa sarafu zenye kasoro. Kasoro ya kiwandani huweza kuuzwa kwa bei ya gari. Sarafu iliyoharibikia mtaani hubaki na thamani yake ya dukani, kama muuza duka ataipokea.

Marekani ndiko uchu huu ulikokolea, na senti moja ya 1955 ilichangia sana. Kiwanda cha Philadelphia kilifua senti za Lincoln ambazo mwaka na maandishi ya upande wa uso yametokea mara mbili, waziwazi, hata asiye na miwani anayaona. Wakaguzi walipogutuka, zaidi ya 20,000 zilikuwa zimeshachanganyika na senti nzima. Wakaona kuzichambua ni kazi bure, wakaziachia. Inasimuliwa kwamba nyingi ziliibukia kwenye mashine za kuuzia sigara: pakiti ilikuwa senti 23, mashine ilikula robo dola, basi senti mbili za chenji zilifungwa kabisa ndani ya karatasi ya pakiti.

Kosa lenyewe halikuanzia kwenye senti. Mchoro wa sarafu hutoka kwenye muhuri mama, ambao husukumwa kwa nguvu ndani ya kipande cha chuma ili kuzaa muhuri wa kazi. Siku zile msukumo mmoja haukutosha. Chuma kilipashwa moto kilainike, kikarudishwa kusukumwa tena. Safari ile kilirudi kimezunguka kidogo, na picha ya pili haikukaa juu ya ile ya kwanza. Kuanzia hapo kila senti iliyogongwa na muhuri ule ilizaliwa na alama ileile, kama watoto wa tumbo moja.

Kwa hiyo herufi pacha za kweli zimeinuka zote mbili, zina unene, na kwenye ncha zake zinapoachana utaona mwanya mdogo. Ziko nyingine za kudanganya macho. Muhuri uliolegea ukitikisika mara tu baada ya kugonga, huikwangua herufi ambayo ndiyo kwanza imeumbika. Pacha anayetokea ni bapa kama kidato cha ngazi, na herufi yenyewe imekonda. Hilo limetokea kiwandani, ni kweli, ila hakuna atakayekupa pesa ya ziada. Hata mwaka huohuo wa 1955 una senti nyingi ambazo tarakimu 5 ya mwisho ina kivuli kwa sababu muhuri ulichakaa tu. Wamarekani wameipa jina la pacha wa maskini.

Ukikutana na sarafu ya ajabu, usianze na bei. Jiulize chuma kimekwenda wapi. Muhuri ni kinyume cha sarafu: penye shimo kwenye muhuri, sarafu hupata kinundu. Muhuri ukipata ufa, sarafu hupata mstari ulioinuka. Ukimeguka ukingoni, sarafu huota donge laini lisilo na mchoro. Lakini mkwaruzo uliozama, wenye kingo zilizotifuka kama udongo kando ya mtaro wa jembe, huo ni wa huku kwetu: ufunguo mfukoni, tairi barabarani, mtoto mwenye msumari.

Sarafu iliyong'atwa kama mwezi mchanga ina ushahidi wa kupendeza zaidi. Visahani hukatwa kutoka kwenye bamba refu la madini. Bamba lisiposogea vizuri, kikatio huangukia sehemu ya tundu lililotangulia, na kisahani hutoka na pengo. Kisha hupitishwa kwenye mashine ya kuinua ukingo, ambayo hukibana kutoka pande mbili. Penye pengo hakuna cha kubana, kwa hiyo upande unaotazamana nalo nao hukosa nguvu, na ukingo wake hutoka hafifu. Wakusanyaji huiita athari ya Blakesley. Mtu mwenye tupa hukata upande mmoja akaridhika. Upande wa pili ukingo umesimama imara, unamcheka.

Wenye jiliwa ni wajanja zaidi. Wanaweka sarafu mbili pamoja, wanakaza, na moja inatoka na herufi zilizozama, zimegeuka kama kwenye kioo. Kiwandani pia herufi za namna hiyo hutokea, sarafu iliyokwisha gongwa inapong'ang'ania muhuri na kukipiga kisahani kinachofuata. Ila kisahani hicho kilikuwa kitupu. Ukiona herufi zilizogeuka zimekaa juu ya mchoro wa kawaida, na mchoro huo umepondeka, umeshamwona mwenye jiliwa.

Kipenzi changu ni nyati wa miguu mitatu. Mwaka 1937, katika kiwanda cha Denver, fundi alisugua muhuri wa sarafu ya senti tano yenye picha ya nyati ili kuondoa alama zilizoachwa na mihuri miwili kugongana. Akasugua mno, mguu mmoja wa mbele ukafutika, ikabaki kwato. Walaghai hukwangua mguu kwenye sarafu ya kawaida, lakini husahau kitu kimoja: ile halisi ina mstari wa vinundu vidogo vinavyoshuka kutoka tumboni, kana kwamba mnyama anajisaidia haja ndogo. Hilo huwezi kulikwangua likatokea. Lazima chuma kiongezeke.

Halafu kuna 1943. Shaba ilihitajika vitani, senti zikafuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilibaki kwenye mitambo, vikagongwa pamoja. Kijana wa miaka 16 wa Massachusetts alipewa senti moja ya namna hiyo kwenye chenji ya kantini ya shule mwaka 1947. Akaiandikia Wizara ya Fedha, akajibiwa kwamba senti za shaba hazikufuliwa mwaka huo. Akaitunza senti yake. Mwaka 2019 iliuzwa kwa dola 204,000.

Za bandia zimejaa. Iliyopakwa rangi ya shaba hunaswa na sumaku, na kwenye mizani husoma gramu 2.7 badala ya 3.11. Iliyotengenezwa kwa kunyoa 8 ya 1948 ni ya shaba kweli, uzito wake ni sawa, na sumaku haiishiki. Hapo inabidi uchukue lenzi uitazame 3 yenyewe: ile ya 1943 ina mkia mrefu unaoshuka chini ya tarakimu nyingine, na nusu ya 8 haina mkia.