Asali Iliyoganda: Je, Ni Aibu ya Bidhaa au Ni Maumbile Yake?

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Tumeulizwa swali na ndugu yetu wa Kyerwa, mwenye mizinga michache nyuma ya migomba yake. Alirina asali, akamuuzia jirani wa msikitini ndoo moja. Baada ya wiki chache asali ikaganda, ikawa nyeupe yenye chembechembe. Jirani akairudisha mbele za watu akisema imetiwa sukari. Anauliza: je, arudishe fedha? Na je, afanye nini na asali iliyobaki?

Swali hili si dogo, kwa kuwa limegusa heshima ya Muislamu. Kumtuhumu mtu kwa ghushi bila ya ushahidi ni dhambi, kama ilivyo dhambi ghushi yenyewe.

Kwanza tujue sababu. Asali ina sukari za aina mbili kubwa, glukosi na fruktosi, katika maji machache ambayo kwa kawaida hayafiki sehemu 20 katika 100. Glukosi haiyeyuki vizuri katika maji machache kiasi hicho, basi hujitenga na kufanya chembe. Vumbi la maua na vipande vya nta huwa ni mahali pa chembe kuanzia. Asali yenye glukosi nyingi huganda upesi, na yenye fruktosi nyingi hukaa laini muda mrefu. Hilo hutegemea maua waliyoyaendea nyuki. Baridi nayo huharakisha, hasa nyuzi joto 10 hadi 15. Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, ni nchi ya vilima na usiku wake una ubaridi. Basi asali iliyo laini Dar es Salaam yaweza kuganda Kayanga, na zote mbili zikawa safi.

Kwa hiyo kuganda si dalili ya sukari ya dukani, wala kutoganda si dalili ya usafi. Vilevile kuichoma kwa njiti ya kiberiti au kuidondosha katika maji si vipimo vya kutegemewa.

Ama hukumu ya mauzo, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema aibu inayompa mnunuzi haki ya kurudisha ni ile inayopunguza thamani ya kitu, au inayokipunguza kwa namna ya kukosesha lengo sahihi, na ambayo kwa kawaida haipatikani katika aina ya kitu hicho. Kuganda ni kawaida ya asali. Basi tunavyoona, hakumlazimu muuzaji kurudisha fedha, ila akipenda kumridhisha ndugu yake ana malipo kwa Mola wake. Lakini amweleze mnunuzi kabla ya kuuza kwamba itaweza kuganda. Na anayeiyeyusha ya zamani akaiuza kwa jina la "mpya, imerinwa jana" ameingia katika onyo la Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya chakula sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini.

Ama kuiyeyusha, usiiweke sufuria juu ya moto. Weka chombo cha asali ndani ya maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 hivi, ukoroge polepole, ubadilishe maji yanapopoa. Moto mkali huharibu harufu na vimeng'enya vyake. Na kama huna haja ya kuiyeyusha, ile ikiwa imeganda kwani ni halali na ni nzuri.

Hapa pana mas'ala mawili ambayo wengi huyasahau.

La kwanza ni najisi. Akifa panya ndani ya asali, tazama kwanza hali yake. Katika hadithi ya Bi Maimuna (r.a.) kuhusu panya aliyeanguka katika samli, Mtume (s.a.w.) aliamuru atupwe yeye na kilichomzunguka, na kilichobaki kiliwe. Wanazuoni wakaiweka hukumu hii kwa kilichoganda, na asali ni mfano wa samli. Kipimo cha kuganda ni kuwa ukichota kipande, shimo halijazwi upesi na kilicho pembeni. Basi aliyekuta panya katika ndoo iliyoganda aondoe kwanza, asiiyeyushe kabla. Akiiyeyusha najisi itaenea, na kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa asali ya maji iliyonajisika haitohariki.

La pili ni kubadilishana. Watu hutoa kilo mbili za iliyoganda wapewe kilo moja na nusu ya laini. Kwa Mashafi asali ni chakula kinachoingia riba. Ikibadilishwa kwa asali ni lazima ilingane na ikabidhiwe papo hapo. Ubora wa moja hauhalalishi nyongeza. Mtume (s.a.w.) aliposikia tende duni za Khaybar zikitolewa pishi mbili kwa pishi moja ya tende bora, alikataza, akaelekeza duni ziuzwe kwa dirhamu kisha bora zinunuliwe kwa dirhamu hizo. Basi uza yako kwa shilingi, kisha nunua uitakayo.

Mwisho, asali inapoganda sehemu ya juu hubaki na maji mengi zaidi, na yaweza kuchacha. Ukiona povu na kusikia harufu ya ukali, jihadhari. Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya bit'i, kinywaji cha asali cha watu wa Yemen, akajibu kwa kanuni moja: kila kinywaji kinacholevya ni haramu. Hivyo rina masega yaliyozibwa na nyuki, na ufunike chombo vizuri.

Jirani naye tunamnasihi amwombe radhi ndugu yake mbele ya wale wale aliomtuhumu mbele yao. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahl, aya ya 69, amekitaja kinywaji hiki kuwa kina ponyo kwa watu. Tusikifanye sababu ya ugomvi.

Wallahu a'lam.