Mifupa Haisomi Cheti cha Kuzaliwa

Michezo ya shule huko Ndhiwa, nchini Kenya, huanzia kwenye zoni. Timu ikishinda inaingia kaunti ndogo, kisha kaunti ya Homa Bay, kanda ya Nyanza, hadi taifa. Zile bora za sekondari huvuka hadi mashindano ya Afrika Mashariki, yaliyofanyika Mbale mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025. Ngazi hizi hupandwa upesi. Mtoto aliyecheza na majirani zake mwanzoni mwa muhula anaweza, wiki chache baadaye, kukabiliana na wachezaji wa kaunti asizowahi kuzikanyaga. Ili aruhusiwe kucheza, anatakiwa awe mwanafunzi wa shule anayoichezea na cheti chake cha kuzaliwa kionyeshe kwamba hajapita umri.

Jimnastiki ya wasichana nchini Marekani imepangwa kwa namna nyingine. Ina ngazi 10 kabla ya daraja la juu kabisa. Katika ngazi 5 za mwanzo watoto wote hufanya mfuatano uleule wa miondoko, na kuanzia ngazi ya 6 kila mmoja hutungiwa wake. Kupanda kwake hakutegemei kwamba wenzake wameshindwa. Hupanda anapothibitisha kwamba mwili wake unamudu hatua inayofuata, na anaweza kubaki ngazi moja kwa miaka miwili bila mtu kumwona kuwa ameanguka.

Siusifu mchezo huo kupita kiasi, kwa maana nao umewaumiza wengi. Mwanajimnastiki Nadia Comăneci alikuwa na miaka 14 alipotwaa dhahabu kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Umri wa chini ulipandishwa hadi miaka 15 mwaka 1981, na 16 mwaka 1997. Hata hivyo, mwaka 2010 timu ya wanawake ya China ilinyang'anywa medali ya shaba ya Sydney 2000, ilipobainika kwamba mmoja wao alikuwa hajafikisha umri. Karatasi zilikuwa zimesema vingine.

Hata karatasi inaposema kweli, haielezi kila kitu. Kwenye ncha za mifupa ya mtoto kuna gegedu laini ya ukuaji, ambayo hurefusha mfupa hadi balehe inapokamilika, kisha hugeuka kuwa mfupa mgumu. Daktari anayetazama eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono anaweza kukadiria umri wa mifupa. Wasichana wawili wa miaka 12, waliozaliwa wiki moja, wanaweza kuachana kwa miaka mitatu au minne katika kipimo hicho. Mmoja ameshamaliza sehemu kubwa ya kurefuka, mwingine hajaanza kurefuka kwa kasi. Kwa kawaida kasi ya kurefuka hufika kileleni wasichana wakiwa na miaka 12 hivi na wavulana 14, lakini wapo wanaotangulia na wanaochelewa, na wote ni wazima.

Kwa mwalimu wa michezo anayechagua timu kwa siku moja, yule aliyetangulia huonekana ndiye mwenye kipaji. Ana kimo, nguvu na mbio. Aliyechelewa huachwa, na akishaachwa hapati mazoezi wala mechi, kwa hiyo mwaka unaofuata pengo limekuwa kubwa zaidi. Nchini Kanada, watafiti walionyesha mwaka 1985 kwamba wachezaji wa hoki ya barafu waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka walikuwa wengi kuliko waliozaliwa mwishoni. Miezi michache tu ilitosha kuamua nani aonekane.

Ndhiwa jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa lishe haba na maradhi ya mara kwa mara huchelewesha balehe. Malaria, ambayo ukanda huu wa Ziwa Viktoria huwa nayo mwaka mzima, huvunja chembe nyekundu za damu, na bila hizo misuli hukosa oksijeni. Mtoto aliyetoka kuugua anaweza kuonekana mvivu uwanjani ilhali damu yake haijarudi. Kwa hiyo tunapochagua mapema, mara nyingi tunachagua nyumba yenye chakula na neti, huku tukiamini tumechagua kipaji. Nadhani hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika michezo ya watoto wetu.

Aliyechaguliwa naye ana hatari zake. Wakati wa kurefuka haraka, mfupa hutangulia na madini yanayouimarisha hufuata nyuma, na gegedu ya ukuaji ni dhaifu kuliko kano zinazoizunguka. Mwanajimnastiki anapotua, nguvu inayompata huweza kufika mara 10 ya uzito wake. Mchezaji wa soka wa miaka 13 hupata maumivu chini tu ya goti, pale ambapo kano ya paja huvuta mfupa wa muundi, na mara nyingi huambiwa ajikaze. Anachohitaji ni kupunguziwa mbio na miruko kwa muda.

Madaktari wa michezo wana kanuni nyepesi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Utafiti uliofanyika Chicago kwa vijana zaidi ya 1,000 uliona kwamba waliopita kiwango hicho walipata zaidi majeraha mabaya ya kutumika kupita kiasi. Lakini mtoto wa Chicago hupelekwa mazoezini kwa gari. Wa Ndhiwa ametembea kwenda shule, ameteka maji, na Jumamosi ameshinda kwenye palizi ya mahindi au shamba la miwa. Goti halitofautishi jembe na mpira. Saa hizo lazima zihesabiwe, na anayezijua ni aliye nyumbani.

Na huyo aliye nyumbani mara nyingi ni nyanya. Mwaka 2012 uchunguzi wa shirika la Médecins Sans Frontières uliwakuta na virusi vya UKIMWI takriban watu wazima 24 kati ya kila 100 wa Ndhiwa. Matibabu yameleta nafuu kubwa tangu hapo, ila yatima walioachwa walilelewa na wazee. Ukimwambia nyanya wa namna hiyo anunue njumu na alipe nauli, umemwomba fedha asizo nazo. Ukimwomba amwongezee mchezaji uji na omena siku za mazoezi, ampunguzie ndoo, na amwache alale mapema, umemwomba kitu chenye faida kubwa kuliko viatu. Kwa msichana ni muhimu zaidi: akifanya mazoezi makali bila chakula cha kutosha, hedhi hukatika na mifupa hupungua uimara.

Shule inahitaji futi ya kupimia tu. Mtoto apimwe kimo kila muhula, kiandikwe. Akirefuka sentimita mbili au tatu ndani ya miezi mitatu, mwalimu ampunguzie miruko. Ambaye hajaanza kurefuka kwa kasi aandikwe kwenye timu ya pili, acheze mechi zake.

Septemba 2019 Kenya ilizindulia chanjo ya malaria hapahapa Ndhiwa, ikianza na watoto wa miezi 6. Sasa wako madarasa ya chini, wakijifunza kubiringika na kusimama kwa mguu mmoja katika jimnastiki ya mtaala wa umilisi. Wasichana wao watarefuka kwa kasi karibu mwaka 2031, wavulana karibu 2033. Vipimo vya kimo vikianza kuandikwa mwaka huu, miaka hiyo ikifika mwalimu atakuwa na daftari la kutazama kabla ya kuchagua.