Bima ya Gari kwa Kilomita: Nani Atalipa?



Mara hii tunaeleza habari ya bima ya gari inayolipwa kwa maili au kwa kilomita. Msidhani ni habari ya madereva peke yao. Mfanyakazi wa kiwandani na wa shambani ndiye abiria wa teksi na boda boda, ndiye atembeaye kando ya barabara ya Jinja alfajiri, na mara nyingi ndiye majeruhi. Basi inafaa sote tuielewe.

BIMA TULIYO NAYO

Hapa Uganda sheria ya mwaka 1989 inaamuru kila gari na pikipiki iendayo barabarani iwe na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo haitengenezi gari la mwenyewe. Kazi yake ni kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa na gari hilo, au jamaa zake kama amekufa.

Malipo yake hufuata aina ya gari na muda wa bima. Hayafuati safari. Gari lilale uani mwaka mzima, au liende Kampala na Jinja kila siku, kibandiko ni kile kile.

Ubaya wa mpango huo ulionekana mwaka 2020. Mwezi Machi serikali ilisimamisha usafiri wa abiria kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na siku chache baadaye magari ya binafsi nayo yakazuiwa. Teksi zilianza kurudi barabarani mwezi Juni, zikiwa na nusu ya abiria. Boda boda hazikuruhusiwa kubeba watu mpaka mwisho wa Julai. Juni 2021 usafiri ukafungwa tena kwa siku 42. Aliyekuwa amelipia bima ya mwaka mzima alikuwa na haki ya kujiuliza: ninalipia hatari gani, nami gari langu limesimama? Bima ya mwaka huhesabu siku za kalenda. Haiulizi kama gurudumu limezunguka.

BIMA YA KILOMITA NI NINI?

Wazo lake ni jepesi. Gari lisilotembea haligongi mtu; litembealo sana lina nafasi nyingi zaidi za kupata ajali. Kwa hiyo kila mtu alipe kwa kadiri anavyotembea. Wazo hili si la jana. Mwaka 1968 mtaalamu wa uchumi William Vickrey, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel, aliandika kwamba bima ingeweza hata kuuzwa pamoja na matairi: anayemaliza matairi upesi alipe bima zaidi.

Siku hizi hutumiwa kifaa kidogo kinachochomekwa ndani ya gari, nacho hupeleka hesabu ya kilomita kwa kampuni. Mteja hulipa kiasi cha kudumu kila mwezi, kisha huongeza senti kadhaa kwa kila maili. Huko Marekani kampuni ya Metromile ilianza kuuza bima hii mwaka 2012, na Uingereza kampuni iitwayo By Miles nayo iliiuza. Waliofaidika ni wale waendao kazini kwa treni, wazee waliostaafu, na wenye gari la kwendea sokoni tu. Watu walipokaa majumbani mwaka 2020, malipo yao yalipungua yenyewe, bila kumwomba mtu.

HESABU YA DEREVA WA KAMPALA

Lakini dereva wetu si mstaafu. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme bima ya kawaida ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Kampuni inaleta mpango mpya: shilingi 30,000 za kudumu, na shilingi 20 kwa kila kilomita.

Karani mwenye gari dogo anatembea kilomita 300 kwa mwezi. Atalipa 30,000 na 6,000, jumla 36,000. Ameokoa 24,000.

Dereva wa teksi anatembea kilomita 150 kwa siku, siku 26. Hizo ni kilomita 3,900. Atalipa 30,000 na 78,000, jumla 108,000. Ameongezewa 48,000.

Mtaona kwamba mpango ule ule umempa mmoja nafuu na kumtwika mwingine mzigo. Tena dereva wa teksi hatembei sana kwa kupenda. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri wa gari, anunue mafuta, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Kama bima ya kilomita itakatwa katika kile kinachobaki, basi kila safari itakuwa inamla yeye. Gari ni la tajiri. Bima ni juu ya tajiri. Jambo hilo liandikwe katika mapatano, lisiachwe kwa maneno ya mdomo.

KIFAA KINAONA NINI?

Kifaa cha kuhesabu kilomita kinaweza pia kuona mahali gari lilipo, saa ya safari, mwendo wake, na jinsi dereva anavyofunga breki. Mwajiri akizipata habari hizo anaweza kuzitumia kumwadhibu mfanyakazi. Tunayo sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za mtu binafsi. Dereva ana haki ya kuuliza: habari gani zinachukuliwa, kwa kazi gani, na nani atazisoma?

NJIA YA MAFUTA

Nchi za kusini mwa Afrika zina njia nyingine. Afrika Kusini, Namibia na Botswana hutoza fedha kidogo katika kila lita ya mafuta, na fedha hizo huingia katika mfuko wa kuwalipa majeruhi wa barabarani. Atembeaye sana hununua mafuta mengi, basi huchangia zaidi. Hakuna kifaa cha kumpeleleza mtu, wala hakuna awezaye kukwepa kwa kibandiko cha uongo. Lakini nauli nayo huguswa, na mfuko wenyewe wahitaji uangalizi: ule wa Afrika Kusini umelemewa na madeni, na majeruhi wengi husubiri miaka.

NA MAJERUHI JE?

Kubadili namna ya kulipa bima hakutoshi ikiwa fidia yenyewe ni haba. Sheria ya 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Kila mtu anajua milioni ya 1989 na milioni ya leo si ndugu. Anayevunjika mguu hawezi kutibiwa na kulisha nyumba kwa kiasi hicho.

Mfanyakazi aliyeumia kazini, akiwa dereva, turniboi au mkata miwa aliyebebwa na trekta la shamba, asisahau sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2000. Hiyo ni juu ya mwajiri, nayo ni tofauti na kibandiko cha gari. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, wanaomtegemea wana haki ya mishahara yake ya miezi 60.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Kabla ya kukubali bima ya kilomita, andika kilomita zako za mwezi mzima, kisha piga hesabu.
2. Uliza nani atalipa, wewe au tajiri, na jibu liandikwe.
3. Uliza kifaa kinachukua habari gani.
4. Ajali ikitokea, andika namba ya gari na ya kibandiko, majina ya mashahidi, na upige ripoti polisi.
5. Ukiumia kazini, mjulishe mwajiri kwa maandishi bila kukawia, na nakala uipeleke kwa mwakilishi wako wa chama.

Mwisho wa miaka ya 1930 madereva wa Uganda walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza nchini kuunda chama chao. Leo dereva mmoja akisimama peke yake mbele ya kampuni ya bima atapewa karatasi atie sahihi. Wakienda pamoja, watapata nafasi ya kuisoma kwanza na kuidai ibadilishwe.