Jua Moja, Saa Mbili

Ndege ya mfano yaondoka Kisumu, Kenya, saa 3 asubuhi. Yatua Beira, Msumbiji, saa 5 kwa saa ya huko. Imesafiri kwa muda gani? Wengi watajibu upesi kuwa ni saa mbili. Jibu hilo si sahihi, na mji wa Singida, ulio katika njia hiyo, wafaa sana kuonyesha sababu yake.

Singida ipo karibu na longitudo nyuzi 34 na dakika 45 Mashariki. Kisumu nayo ipo papo hapo, na Beira hupishana nazo kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Mstari ushukao kusini kutoka Kisumu hupita karibu na Kisii, hukata Serengeti, hufika Singida, huendelea hadi Njombe, huvuka maji ya Ziwa Nyasa na kuishia pwani ya Beira. Hakuna njia ya angani iliyo fupi kuliko hiyo. Urefu wake hauhitaji hesabu ngumu: tofauti ya latitudo ni nyuzi 19 na dakika 44, na kila nyuzi moja ni kama kilometa 111. Jumla ni kilometa 2,190 hivi, ambazo kati yake 520 hivi ni za kutoka Kisumu hadi Singida. Ndege iendayo kilometa 730 kwa saa, pasipo upepo, huumaliza mwendo huo kwa saa tatu kamili.

Basi ile saa moja imepotelea wapi? Jua halihusiki, kwani huwafikia utosini watu wa miji hiyo mitatu kwa wakati ule ule. Tofauti imewekwa na serikali. Kenya, Uganda na Tanzania hufuata wakati wa longitudo nyuzi 45 Mashariki, mstari ambao, ajabu, haupiti katika nchi hata moja kati ya hizo. Msumbiji hufuata ule wa nyuzi 30. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne. Kwa hiyo adhuhuri ya jua mjini Singida huwa, kwa wastani wa mwaka, saa 6 na dakika 41, na Beira saa 5 na dakika 41.

Ndege hiyo ikirudi, ikaondoka Beira saa 7 mchana, itafika Kisumu saa 11 jioni, na abiria atadhani amesafiri saa nne. Mbili na nne, zikigawanywa kwa mbili, hutoa tatu, muda wa kweli. Ratiba za ndege huandika saa ya kila mji kwa wakati wa mji huo huo, na asiyelijua hilo huweza kuikosa ndege ya kuunganisha safari.

Wanafunzi wa Singida waweza kuzipima dakika 41 hizo wenyewe. Fimbo isimikwe wima uwanjani, na kivuli kipimwe kila baada ya dakika tano kuanzia saa 6. Kitakuwa kifupi kabisa karibu na wakati huo, kikitangulia au kuchelewa kwa dakika kadhaa, zisizozidi 17, kufuatana na mwezi.