Minyoo ya ini: kondoo wa ufuoni na afya yako

Pengine umewahi kupasua ini la kondoo jikoni ukakuta vidudu bapa, mfano wa majani, ndani ya mishipa ya nyongo. Hao ni minyoo ya ini. Mkaguzi wa nyama akiwaona, ini hilo hutupwa.

Chukua mfano wa jamaa wenye kondoo wachache kisiwani Takawiri, karibu na Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Kiangazi kikikausha malisho, nyasi mbichi hubaki ukingoni mwa Ziwa Victoria, na hapo ndipo hatari ilipo. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, kisha viluwiluwi humwingia konokono mdogo. Wakishakomaa humo hutoka na kujibandika kwenye majani wakingoja kuliwa. Kondoo huishiwa damu, huvimba chini ya taya, na wengine hufa. Kwa mwenye kondoo watano, hiyo ni karo ya mtoto imekwenda.

Je, ukila ini hilo utaambukizwa? La. Wewe huambukizwa vilevile kama kondoo: kwa kula mbichi mimea iliyoota majini, au kunywa maji yasiyochemshwa. Homa na maumivu chini ya mbavu za kulia yasipuuzwe. Daktari anayo dawa, triklabendazole.

Mfugaji naye awalishe mbali na kinamasi, awanyweshe horini, na awape dawa kwa ushauri wa afisa wa mifugo. Akishawapa, asichinje wala kuuza hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.